Usiufute Ule Mkono

Wajukuu zangu mnaoshika kamera, leo naandika nikiwa na hasira kidogo, basi mnivumilie. Baraka, yule mwenye studio pale Mlowo karibu na wanunuzi wa mazao, aliniletea picha ya zamani. Familia moja ya Tunduma ilikuwa imempa aikuze na kuisafisha kwenye kompyuta, naye akataka nione kazi yake kabla hawajaja kuichukua. Ni picha niliyoipiga mimi, wakati bado najifunza. Mama mzee ameketi kwenye kiti, mwanamume amepiga magoti mbele yake, na mama ameweka kiganja juu ya kichwa cha huyo mwanamume. Begani mwa mama kulikuwa na vidole vya mkono usio na mwenyewe.

Baraka alikuwa ameondoa madoa, mikwaruzo, na vile vidole.

"Bibi, cheki nilivyoipiga msasa," akaniambia akicheka. "Hata ule mkono wa ajabu nimeutoa. Ulikuwa unaharibu."

Wanaonijua wanajua kwamba nikigomba hakuna neno, ila nikinyamaza ndiyo balaa. Siku ile nilinyamaza. Baraka akaaga mapema akidhani naumwa. Sasa nimetulia, na ninyi nyote mtanisikiliza, maana hili si la Baraka peke yake.

Mimi ni Mnyiha wa Igamba. Kwetu ni kahawa na mahindi, na binti aliyesema anataka kupiga picha alionekana kama aliyesema anataka kuruka. Shangazi yangu aliyekuwa na duka la vitenge Tunduma ndiye aliyenipeleka kwa Mzee Sikanyika, Mnyamwanga mmoja mwembamba, mkali, aliyevaa koti hata kwenye jua. Akaniuliza, "Unajua nini?" Nikamwambia sijui kitu. Akasema, "Afadhali. Wanaojua wananichosha."

Kwa muda mrefu alinipa kamera isiyo na mkanda ndani. Nipige kuku, nipige malori, nipige wateja waliokaa kwenye benchi, halafu nimweleze ningepata nini. "Jua lilikuwa wapi? Kivuli cha pua kimeangukia wapi? Nyuma ya kichwa chake kuna nini?" Nikikosea ananirudisha. Siku moja nikamweleza kwa fahari jinsi nilivyompiga mama mmoja akicheka vizuri sana. Akaniuliza nyuma yake kulikuwa na nini. Sikukumbuka. Akanionyesha: nguzo ya umeme. "Umempandisha mama wa watu nguzo kichwani, halafu unafurahi." Tangu hapo nikawa natazama nyuma kwanza, uso baadaye. Na ninyi fanyeni hivyo hivyo. Uso unajipendekeza wenyewe, lakini nyuma hakuna anayepatazama.

Kamera yetu ilikuwa ile ya macho mawili, moja juu ya jingine. Ulikuwa unaishika usawa wa kifua na kuinama kutazama kioo chake kwa juu, kama mtu anayechungulia kisimani. Ubaya wake ni mmoja: kwenye kile kioo, kulia kulikuwa kushoto. Mtu akienda huku, kiooni anakwenda kule. Ukitaka kukitoa kitu pembeni mwa picha lazima uzungushe kamera kinyume na akili yako inavyokutuma. Mzee alisema mkono utazoea kabla ya kichwa. Wangu ulichelewa kuzoea.

Jambo jingine alilonifundisha ni kuuviringisha mkanda kwenye gurudumu lake bila kuuona, maana ulipaswa kuingizwa kwenye kopo la dawa gizani, giza la kweli. Alinikalisha uani, akanifunga kitambaa machoni, akanipa mkanda ulioharibika. Wateja walikuwa wakipita wakicheka. "Huyu binti ana kosa gani, mbona umemfunga?" Mzee anawajibu, "Anasoma." Kazi ya mle ndani tuliita kusafisha, na muda wa kusafisha Mzee alikuwa anaupima kwa pambio la kanisani. Saa ya ukutani ilikuwepo, lakini hakuiamini. Dawa ya kwanza, pambio lote pamoja na kiitikio na kurudia. Maji, kiitikio tu. Tulikuwa tunaimba pamoja, yeye sauti nzito na mimi nyembamba, na majirani walidhani tuna ushirika wa maombi mle ndani.

Sasa nije kwenye mkono.

Mzee alikuwa amekwenda Mbeya kufuata karatasi na dawa. Mchana akaja dada mmoja, Enesi, aliyekaa na mama yake mgonjwa jirani kabisa na mpaka. Akasema kaka yake Filimoni amefika kutoka migodini Zambia baada ya miaka mingi ya kutoonekana, na mama anataka picha na wanawe wote leo hii, kesho hana uhakika nayo. Nilimwambia mwalimu wangu hayupo. Akanitazama kwa yale macho ya mtu aliyekesha akiuguza, akasema, "Mdogo wangu, si una kamera?"

Nikaenda. Mzee alikuwa ameniachia onyo moja tu ambalo kila mpiga picha wa Tunduma alilijua: geti la mpakani halipigwi picha. Kamera usiielekeze huko hata kwa mzaha.

Lakini uwanja wa ule ukoo ulikuwa kwenye mstari wenyewe. Nyumba ya mama iko upande huu, nyumba ya mdogo wake iko ng'ambo, upande wa Nakonde, na katikati wanapita kuku. Kwao ule ulikuwa uwanja mmoja. Mama akatolewa nje akashikiliwa huku na huku, akakaa kwenye kiti, na hapo hapo akaanza kutoa amri. Watoto wa Tanzania wasimame Tanzania, wa Zambia wasimame Zambia, yeye akae katikati. "Kila mmoja apigwe akiwa kwake," alisema. "Asije mtu akasema nilimwita ugenini." Watu wakacheka, mimi nikachekea moyoni, jicho langu likiwa kwenye kioo.

Nikawapanga na ghala la mahindi nyuma yao. Jua lilikuwa upande mzuri. Nikapiga, nikapiga tena. Kila nilipofyatua mama alikuwa ameinamisha kichwa, hana nguvu ya kukiinua, na Enesi hakuwemo hata mara moja, yuko mbioni kuleta khanga, kuleta maji, kuondoa watoto. Ikabaki nafasi moja ya mwisho kwenye mkanda. Watu wameanza kutawanyika. Hapo Filimoni akasogea, mtu mzima mwenye mvi, akapiga magoti mbele ya kiti akasema, "Mayo." Ndivyo wanavyomwita mama kwao. Enesi akaja upesi akasimama ubavuni mwa mama akamshika bega asianguke. Mama, alipohisi ule mkono, akainua uso. Akaweka kiganja juu ya kichwa cha mwanawe.

Niligeukia huko nilikokuwa sijapanga. Kwenye kioo nikaona kitu cheupe kimechomoza nyuma ya Enesi, ukingoni. Nikajua ni nguzo ya geti. Nikazungusha kamera kukitoa, nikazungusha upande ambao akili ilinituma, na kile cheupe kikaongezeka badala ya kupungua. Uso wa mama ulikuwa unaanza kuinama. Nikafyatua.

Alfajiri yake mama akafariki.

Asubuhi Enesi alikuja studio, khanga kiunoni, macho yamevimba. Maziko yalikuwa alasiri ile ile. Walitaka picha ya kuweka juu ya jeneza, maana mama hakuwa na picha nyingine hata moja. Nikamwambia Mzee hajarudi, mkanda bado umo ndani ya kamera, na mimi sijawahi kusafisha peke yangu. Kabla hajanijibu, mlango ukazibwa na askari.

"Binti, wewe ndiye uliyekuwa unapiga picha jana kule mpakani?"

"Ndiyo, afande."

"Umeonekana umeelekeza kamera getini. Iko wapi?"

Ilikuwa mezani. Akaishika, akaigeuza, akatafuta pa kufungulia.

"Fungua."

"Afande, ikifunguliwa kwenye mwanga kila kilichomo kinakufa."

"Ndiyo ninachotaka."

Enesi akapiga magoti pale sakafuni. Akamweleza mama amefariki, maziko ni leo, uso wa mama umo mle ndani na hauko mahali pengine popote duniani. Askari hakuwa mtu mbaya, niseme ukweli. Alikuwa kijana tu, amepewa kazi, na anaogopa waliomtuma kama mimi nilivyokuwa namwogopa yeye. Akasimama pale kidole kikiwa kwenye kifungio.

Sijui nilipata wapi maneno. Nikamwambia, "Afande, ukifungua hapa hutajua kama geti lilikuwemo. Niache niusafishe, uone kwa macho yako. Likiwemo, utachukua."

Akafikiri. "Naingia na wewe. Usije ukabadilisha mkanda."

Chumba cha giza kilikuwa stoo ya zamani ya maharage, kidogo, kina harufu ya dawa iliyochanganyika na vumbi la magunia. Kuingia humo na mwanamume nisiyemjua, tena mwenye bunduki, kulinitia hofu nyingine. Enesi aliiona. Akasema, "Mimi nakaa hapa mlangoni. Nitaegemea, hataingia mtu, na nitakuwa nawasikia." Akaketi chini, mgongo kwenye mbao.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Asubuhi za Tunduma mnazijua, na dawa ikiwa baridi inalala, haifanyi kazi. Nikaweka chupa kwenye ndoo ya maji ya moto, nikawa napima kwa kiwiko kama anayemwogesha mtoto mchanga. Ilipokuwa vuguvugu nikafunga mlango, nikaziba nyufa kwa blanketi, nikazima taa. Nikashika kamera, na hapo nikaona nukta za kijani zikielea hewani.

"Afande, saa yako inawaka. Ivue uitie mfukoni."

"Hii saa tu?"

"Hata hiyo itaua."

Nukta zikapotea. Nikafungua kamera. Nikautoa mkanda, nikaubandua kwenye karatasi yake ya mgongoni, nikaanza kuuingiza kwenye gurudumu. Ukakwama. Nikausukuma, ukajikunja. Nilisikia ule mlio mdogo wa mkanda unaotaka kuvunjika, na jasho likanitoka hadi viganjani, na jasho ndilo adui mwenyewe, maana linaubandika. Askari alikuwa anapumua karibu na sikio langu. "Vipi?" akauliza. Nikamkumbuka Mzee uani, wateja wakicheka, kitambaa machoni. Alikuwa akisema, "Ukikwama, rudi nyuma. Usilazimishe kitu usichokiona." Nikaurudisha wote. Nikafuta mikono kwenye gauni. Nikaanza upya, polepole, na safari hii ukapita laini hadi mwisho. Nikafunika kopo nikawasha taa. Askari alikuwa amekodoa macho, kofia ameishika mkononi kama yuko kanisani.

Nikamimina dawa ya kwanza, nikaanza kuimba. Nje ya mlango Enesi akalisikia lile pambio, akalipokea. Lakini alilipokea kama mfiwa, akilivuta, kila neno refu, na lile pambio ndilo saa yangu! Pambio likienda kwa mwendo wa kilio, dawa inapitiliza na picha inaungua ikawa nyeusi tii. Siwezi kumwambia mtu aliyefiwa aimbe haraka. Nikamtazama askari.

"Afande, nisaidie kugonga. Hivi." Nikamwonyesha mwendo kwa kidole.

Akaanza kugonga meza. Kumbe na yeye analijua. Akagonga vizuri, na Enesi kule nje, bila kuambiwa na mtu, akaufuata ule mwendo. Tukaimba hivyo, mimi natikisa kopo, askari anagonga, mfiwa anaitikia, hadi kiitikio cha mwisho. Nikamwaga. Maji. Dawa ya pili, ile inayoishikisha picha isifutike. Nikafungua kopo nikauvuta mkanda juu kwenye taa.

Picha zilikuwemo.

Tukatoka nje nao unadondosha maji. Kwenye negativu mambo yote ni kinyume, cheupe kinakuwa cheusi. Askari akaupandisha dirishani akatazama moja moja, na mimi nikitazama pamoja naye. Ghala la mahindi. Ghala la mahindi. Mama kainama, mama kainama. Akafika ya mwisho, akaisogeza karibu na jicho.

Mama alikuwa ameinua uso. Hata kwa kinyume ulimwona, macho wazi, mdomo umetulia, kiganja juu ya kichwa cha Filimoni. Upande wa pili alisimama Enesi, na nyuma ya Enesi, bila shaka yoyote, geti na kizuizi chake.

"Lipo," askari akasema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya chini. "Binti, nifanye nini sasa? Picha yenye geti haitoki hapa. Mimi nina wakubwa."

Mzee Sikanyika alikuwa na sheria moja juu ya sheria zote: negativu haikatwi. Unakata karatasi ukipenda, karatasi ipo nyingine. Negativu ndiyo roho. Nilijua hilo, na mkono wangu ukawa tayari umeshika mkasi.

"Chukua geti, afande. Utuachie mama."

Akanielewa. Akaweka ukucha wake kwenye mkanda. "Kata hapa." Ndipo nilipoona ugumu ulipo. Geti lilikuwa nyuma ya Enesi hasa. Hakuna njia ya kuliondoa geti yeye akabaki.

Nikamgeukia. "Dada Enesi, na wewe utaondoka."

Akausogelea mkanda, akajitazama pale dirishani, mtu mweupe uso na mweupe nywele, hajawahi kuwemo kwenye picha na mama yake hata siku moja.

"Kata," akasema. "Mimi nilikuwa naye kila siku. Kaka ana jana tu."

Ukucha wa askari ulikuwa kwenye shingo ya mama kabisa, usawa wa bega. Nikausogeza mkasi wangu kidogo kuelekea upande wa geti. Askari aliona. Alitazama pembeni, barabarani, kwenye malori, kana kwamba kuna kitu kinamhusu huko. Nikakata. Akakitia kile kipande kwenye mfuko wa shati, akavaa kofia, akampa Enesi pole ya msiba kwa mikono miwili, akaenda zake. Sikumwona tena.

Nikaichapa ile picha kwenye karatasi iliyobaki, na umeme haukukatika, namshukuru Mungu. Alasiri ile mama alizikwa na picha yake juu ya jeneza, nyembamba, ndefu kuliko kawaida. Filimoni aliishika njia nzima. Enesi alikuwa nyuma na wanawake wengine, akiimba, akivuta maneno apendavyo, hakuna aliyemgongea mwendo.

Mzee alirudi jioni. Nikampa negativu kabla hajaketi, nikasubiri makofi au kufukuzwa. Akaiinua kwenye taa. Nikamweleza yote.

"Uliambiwa ukatie wapi?"

Nikamwonyesha.

"Na wewe ukakatia hapa."

"Ndiyo, Mzee."

Akaipangusa kwa koti lake. "Ulifanya vizuri kubakiza vidole," akasema, akaenda kunawa.

Sasa, Baraka. Kompyuta yako ni nzuri, na macho yako ni mazuri, nilikusifu na bado nakusifu. Wewe mwenyewe umesema umeutoa mkono wa ajabu. Itazame tena ile picha yako. Mama mgonjwa, hana nguvu ya kuinua shingo, amekaa wima katikati ya nchi mbili na uso ameuinua. Hukujiuliza amewezaje? Ulitazama uso, hukutazama kilichokuwa nyuma yake.

Ijumaa Enesi anakuja kuichukua. Sasa ni bibi kama mimi, anatembelea mkongojo, na ile ndiyo picha pekee aliyowahi kuwemo na mama yake. Urudishe ule mkono, mjukuu wangu. Ukiufuta, mama anaanguka.